Taa ya Gari Ina Wenyewe Wawili

Hivi karibuni nilikuwa natoka Morogoro kurudi Dar es Salaam usiku. Sijafika Chalinze, likanijia gari dogo lenye taa nyeupe za kuelekea buluu. Nilidhani dereva amejisahau kwenye fulu, nikampa ishara ateremshe. Akanijibu kwa kuiwasha fulu yenyewe, ndipo nikafahamu kwamba ule mwanga wa kwanza, ulionijaa machoni hata mstari wa katikati ya barabara ukanipotea, ndio dimu yake. Tulipopishana sikuona kitu. Macho yaliponirudia, mbele yangu mkono wa kushoto alikuwapo mtu wa baiskeli na gunia la mkaa, karibu mno. Nilimkwepa kwa rehema ya Mungu.

Mwendo wangu ulikuwa kilomita 80 kwa saa. Gari likienda hivyo hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 za upofu ni mita 66, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Tangu usiku ule nimezungumza na mafundi umeme wa magari, na vijana wanaobadilisha taa za magari yao kuweka zile angavu, zenye kifuniko kisicho na rangi wala mistari. Leo nataka kusema nao hadharani, bila kuwavunjia heshima. Kupamba gari si kosa. Mtu aliyejinyima miaka kadhaa hata akapata gari lake ana haki ya kulipenda na kulitengeneza lipendeze. Tena mtindo huu una asili yake ya fahari. Toyota Altezza ilipotoka Japani mwaka 1998, taa zake za nyuma zilifunikwa kwa plastiki isiyo na rangi, vikombe vya taa vikaonekana ndani kama vito. Watu wakapenda, mtindo ukaenea, hata huko Marekani taa zozote za namna ile zikaitwa kwa jina la gari hilo, ziwe zimefungwa kwenye gari gani.

Wala sisemi taa zilizofifia ziachwe zilivyo. Magari yetu mengi huja yakiwa yameshatumika. Hata Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, linaloruhusiwa limekwisha kupigwa na jua miaka mingi. Kile tunachokiita kioo cha taa siku hizi si kioo, ni plastiki ya polikaboneti. Hutoka kiwandani imepakwa utando mwembamba wa kuikinga na miale ya urujuanimno ya jua. Utando ukiliwa, plastiki hugeuka njano, kisha huwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Taa ya namna hiyo haimmulikii mwenyewe, na ule ukungu wake hutawanya mwanga ukamfuata mwingine. Kuitengeneza ni wajibu.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika kudhani kwamba taa ni balbu na kifuniko, na kwamba kifuniko ni pambo. Tazama taa ya gari la zamani: kioo chake kina mistari na miraba. Ile mistari haikuchorwa kwa urembo. Nyuma yake kuna kikombe cheupe laini kinachorudisha mwanga ukiwa umekusanyika, na mistari ndiyo inayoupasua na kuutandaza barabarani: kiasi hiki mbele, kiasi hiki kando ya njia aliko mtembea kwa miguu, na juu, kwenye macho ya anayekuja, kidogo sana. Taa zilizotengenezwa angavu tangu kiwandani hazina mistari kwa sababu kazi hiyo imehamishiwa kwenye kikombe chenyewe. Ukikichungulia utaona kimekatwa vipande vingi, kila kipande na mwelekeo wake. Sasa fundi akichukua taa ya mistari, akaibandua kwa moto wa hita, akaweka kifuniko angavu juu ya kikombe kile kile cha zamani, amemwondoa mfanyakazi bila kuajiri mwingine. Mwanga unatoka, tena unapendeza ukiutazama gari likiwa limesimama. Barabarani haujui pa kwenda. Na mara nyingi taa iliyobanduliwa hivyo haizibwi sawasawa: mvua za masika zikija inatoa jasho ndani, na kikombe kinachubuka.

Balbu nayo ina siri yake. Ile ya H4, iliyomo katika magari mengi mitaani kwetu, ina nyuzi mbili. Chini ya uzi wa dimu kuna kibakuli kidogo cha chuma, ambacho huuzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kikombe, kwani ungefika huko ungerudishwa juu, machoni pa watu. Kikombe chote kimepigwa hesabu kwa kufuata mahali uzi ule ulipo. Ukichomeka balbu ya zenoni au ya LED ya bei nafuu, chanzo cha mwanga kinakuwa na umbo jingine, na pengine kimesogea pembeni, na hesabu yote imevurugika. Uzi wa dimu wa H4 hutoa lumeni 1,000 hivi. Balbu ya zenoni hutoa 3,000 na zaidi. Zenoni zilipoanza kuwekwa kiwandani kwenye BMW ya 7 Series mwaka 1991, taa yenyewe ilibuniwa upya kwa ajili yake. Ulaya sheria ilidai gari lenye taa kali kiasi hicho liwe na mtambo wa kuosha taa na wa kuzishusha zenyewe gari likipakia mzigo nyuma. Sisi tunanunua balbu dukani, tunachomeka kwa dakika 10, tunaondoka.

Mnunuzi wa taa nzima naye awe macho. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, na dimu ya gari la huko huinuka kidogo upande wa kushoto, imulike ukingo wa barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, kama Falme za Kiarabu, huinuka kulia. Ifunge kwenye gari la Dar es Salaam, na ile pembe iliyokusudiwa kumulika majani inamlenga dereva anayekuja. Utakapoletewa taa mpya inayometa, iwashe kwanza uone imeinuka wapi, ndipo uulize bei.

Za nyuma sitazisema sana, lakini jambo moja linanikera. Taa nyingi angavu za bei ya chini hazina ile reflekta nyekundu inayong'aa ikipigwa na mwanga wa gari jingine. Sote tunajua namna magari yanavyoharibika usiku katika njia zetu, yakaachwa na matawi ya miti barabarani kuwa onyo. Gari lisilo na umeme wala reflekta ni ukuta mweusi. Anayebadilisha taa hizo asiondoke dukani bila kuhakikisha reflekta ipo, au aibandike kando yake.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa: "Mzee, barabara zetu giza, nisipoweka taa kali nitaona nini?" Hoja hii ni ya kweli, na anayeitoa si mtu mbaya. Ila wengi hawajaupata mwanga waliokwisha kuununua pamoja na gari. Nyaya zikichakaa na viungo vikiota kutu, umeme haufiki wote kwenye balbu, na volteji ikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu ya kawaida hupungua kwa karibu asilimia 30. Mwambie fundi apime volteji nyuma ya balbu taa zikiwa zimewaka. Afunge rilei na nyaya nene zitokazo moja kwa moja kwenye betri. Plastiki iliyofifia isuguliwe kwa msasa laini na maji, kuanzia namba 800 au 1,000 hadi 2,000 au 3,000, kisha ipakwe vanishi yenye kinga ya jua. Dawa ya mswaki inayosuguliwa kwenye vituo vya kuoshea magari hung'arisha kwa muda mfupi. Bila kinga, njano inarudi. Na kama unataka kubadilisha, badilisha taa nzima, ya gari lako hasa, ya nchi za kuendesha kushoto, na balbu ya aina iliyoandikwa juu yake. Hapo utapata uzuri na mwanga pamoja, na anayekuja atapita salama.

Kisha pima. Simamisha gari pahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na dereva. Pima kimo cha kati ya taa kutoka chini, ukitie alama ukutani, halafu washa dimu. Mpaka wa juu wa mwanga, upande usioinuka, uwe sentimita 10 hivi chini ya alama. Ukiwa juu yake, unawapofusha watu. Kama gari lako lina kile kigurudumu kidogo chenye namba karibu na usukani, fahamu kuwa ni cha kuteremsha taa ukipakia mizigo nyuma. Wengi hawajakigusa tangu wanunue.

Nilipolipima gari langu, taa ya kulia ilikuwa imezidi alama, tangu siku nilipobadilishiwa bampa. Kwa miezi mingi niliwafanyia wengine jambo lile lile lililonichoma kule Chalinze. Nimekwisha kuirekebisha, kazi ilitaka bisibisi na robo saa. Nawe, ndugu yangu, jioni hii usifunge geti kabla hujalisogeza gari lako mbele ya ukuta.