Nani Aliyeandika? Barua za Andreas Hofer na Suala la Kusahihisha Hati za Zamani

Miongoni mwa hati za vita zilizosalia Ulaya tangu mwanzoni mwa karne ya 19, barua na amri za Andreas Hofer zina mahali pa pekee. Hofer hakuwa mwanajeshi wa kazi. Alizaliwa mwaka 1767 katika bonde la Passeier, nchini Tirol, akarithi nyumba ya wageni, akafanya biashara ya divai na farasi, na mwaka 1809 akawa kamanda wa wanamgambo waliowashinda Wabavaria na Wafaransa zaidi ya mara moja katika kilima cha Bergisel, karibu na mji wa Innsbruck. Wanahistoria wamezisoma karatasi zake ili kufuatilia mwenendo wa vita. Washairi na wanasiasa wamezisoma ili kumpata shujaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wengi wa wasomaji hao hawakuzisoma kama alivyoziandika bali kama zilivyosahihishwa, na kwamba usahihishaji wa aina hiyo, ambao umezoeleka pia katika taaluma ya Kiswahili, hufuta ushahidi usioweza kurejeshwa na msomaji wa baadaye.

Kwanza ni lazima ieleweke mgambo wa Tirol ulikuwa kitu gani. Kwa mujibu wa hati ya mwaka 1511, iliyotolewa na Kaisari Maximilian wa Kwanza, wenyeji walipaswa kuilinda nchi yao wenyewe, nao hawakulazimika kwenda kupigana nje ya mipaka yake. Ofisa wa mgambo kwa hiyo alikuwa mtu wa bondeni, anayejulikana kwa jina na kwa ukoo, na amri zake ziliwaendea watu waliomfahamu. Baada ya mkataba wa Pressburg wa Desemba 1805 Tirol ilitolewa kwa Bavaria, na mwaka 1808 Wabavaria wakaigawa katika wilaya zilizopewa majina ya mito, hata jina lenyewe la Tirol likaondolewa katika maandishi ya serikali. Maasi yalianza Aprili 1809. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mwaka huo Hofer aliitawala nchi kutoka kasri la Innsbruck kwa cheo cha Kamanda Mkuu wa Tirol. Kila alipotia saini kwa cheo hicho alikuwa akiliandika jina lililokwisha kufutwa na serikali. Hivyo suala la nini kiandikwe, na kiandikwe vipi, halikuwa dogo hata kwake yeye.

Lugha ya karatasi hizo ndiyo inayompasa mwanaisimu kusimama na kutazama. Barua yake mashuhuri kuliko zote aliiandika katika gereza la Mantua tarehe 20 Februari 1810, siku aliyopigwa risasi, kwa rafiki yake Vinzenz von Pühler wa Neumarkt. Anataja kwamba ameiandika saa kumi na moja alfajiri na kwamba saa tatu atafunga safari kwenda kwa Mungu. Anaagiza sala ziombwe katika parokia mbili, na marafiki wapewe supu na nyama na divai katika nyumba ya wageni ya jirani. Ni barua ya mwenye hoteli kama ilivyo ya kamanda: mtu anapanga chakula cha matanga yake mwenyewe.

Katika barua hiyo neno la Kijerumani la kuielezea dunia isiyo na thamani, ambalo leo huandikwa *schnöde*, yeye ameliandika *schnede*. Neno la marafiki ameliandika *freinten*, pahali pa *Freunden*. La kusali, *petten*, pahali pa *beten*. La mbili zote, *peden*, pahali pa *beiden*. Msahihishaji huona hapa makosa manne. Mwanaisimu huona mfumo. Katika mfano wa kwanza na wa pili, irabu ya mbele iliyotamkwa kwa kuviringa midomo, au irabu unganifu yenye sifa hiyo, imepoteza uviringo, na hiyo ni sifa inayojulikana ya lahaja za Kibavaria, ambamo msemo wa Tirol umo. Katika mifano mingine, vipasuo ghuna na visivyo ghuna havikutenganishwa kama vinavyotenganishwa katika Kijerumani sanifu, nayo pia ni sifa ya lahaja hizo. Hofer hakukosea kuandika. Aliandika alichokisikia kinywani mwake, kwa uaminifu ambao mwanafunzi wa fonolojia ya kihistoria angeulipia. Mhariri anayeweka *schnöde* pahali pa *schnede* anamwondolea msomaji sauti ya mtu huyo na kumpa sauti ya mwalimu wa shule.

Hata neno "kosa" lenyewe halina mahali pa kusimama. Wasemaji wa Kijerumani walikuwa na sarufi na kamusi mwaka 1810, na watu waliosoma walikuwa na mazoea yao, lakini mapatano rasmi ya tahajia ya pamoja yalifikiwa katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1901. Kumpima mwenye hoteli wa Passeier kwa kanuni iliyokuja miaka 91 baada ya kifo chake ni sawa na kumlaumu karani wa Kilwa wa karne ya 18 kwa kutofuata maamuzi ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930. Na hilo, ijapokuwa hutamkwa mara chache kwa uwazi, ndilo linalofanyika pale miswada ya Pwani inapochapishwa kwa sura ya Kiswahili sanifu bila maelezo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928. Hati iliyoandikwa kabla ya hapo, mahali popote kutoka Pate hadi Kilwa, haiwezi kukosea dhidi ya uamuzi ambao haukuwapo.

Ulinganisho huu una mpaka wake, nao usipowekwa wazi utapotosha. Tatizo la *p* na *b* kwa Hofer linatokana na matamshi. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa mtindo wa zamani, herufi *ba* iliweza kusimama kwa *b*, kwa *p* na hata kwa *mb*, na alama moja ya irabu ikasimama kwa *i* na *e*, nyingine kwa *u* na *o*. Huko ni uwezo wa hati, si ulimi wa mwandishi. Anayesoma *ba* pahali pa *p* na kudai kwamba mwandishi hakutofautisha sauti hizo, amefanya kosa kubwa zaidi kuliko lile la msahihishaji. Lakini hati hizohizo zinatofautisha *t* na sauti za kaakaa bila taabu yoyote. Mwandishi wa Mombasa aliyeandika *mato* aliweza kuandika namna nyingine kama angetaka. Aliandika *mato* kwa sababu ndivyo alivyosema. Mhariri anapochapa *macho*, basi *schnede* ya Pwani imekwisha kupotea, na mtafiti wa lahaja atakayelitumia toleo hilo atahesabu neno la Kiunguja katika maandishi ya Kimvita.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika zama zilezile za Hofer na kutunga juu ya vita vya mji wake, yalifika kwa wasomaji wa leo kupitia kwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha yakachapishwa na Hichens mwaka 1940 kwa hati za Kilatini. Kati ya ulimi wa mshairi na jicho la msomaji mmepita mikono kadhaa. Hakuna anayewalaumu waliofanya kazi hiyo, kwani bila wao pengine pasingekuwa na kitu cha kujadili. Swali ni kama msomaji anaonyeshwa mikono hiyo, na katika matoleo mengi yanayotumiwa madarasani haonyeshwi.

Suala la mikono linarudisha mjadala Tirol, kwa sababu huko lilikuwa suala la uhai na mauti. Mwezi Mei 1809 Kaisari Franz wa Austria alikuwa ameahidi kwa maandishi kwamba hatatia saini amani yoyote isiyoiunganisha Tirol na dola yake. Watu waliiamini karatasi hiyo. Tarehe 14 Oktoba akatia saini mkataba wa Schönbrunn, ulioiacha Tirol mikononi mwa adui. Barua ya Mtoto wa Mfalme Johann iliyoleta habari hizo ilifika mwishoni mwa Oktoba, na wengi wakashuku kwamba ni hila ya Wafaransa. Wanamgambo walishindwa huko Bergisel tarehe 1 Novemba. Hofer akatangaza kuweka silaha chini. Siku chache baadaye akawaita watu tena vitani. Baadaye akajificha milimani, akakamatwa tarehe 28 Januari 1810 pamoja na karani wake, Kajetan Sweth, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi huko Mantua kwa kuendelea kupigana baada ya msamaha kutolewa.

Kwa muda mrefu imesemwa kwamba mtu huyo aliyumbishwa na waliomzunguka, hasa padri Joachim Haspinger, aliyetaka vita viendelee. Huenda. Lakini madai hayo hayawezi kupimwa bila kwanza kujua ni karatasi zipi alizoandika kwa mkono wake, zipi alizosema karani akaandika, na zipi alizoletewa zikiwa tayari akatia saini tu, maana aina zote tatu zimo miongoni mwa hati zinazobeba jina lake. Hapa ndipo tahajia isiyosahihishwa inapogeuka kuwa ushahidi wa kihistoria. Karani aliyesoma haandiki *schnede*. Amri iliyoandikwa kwa sentensi ndefu zilizopangwa kiofisi, na barua iliyojaa matamshi ya Passeier, zina jina moja chini lakini hazina mwandishi mmoja. Ukizisahihisha zote mbili kwa kipimo kimoja, waandishi wawili wanakuwa mmoja, na mzigo wa maneno ya mmoja unamwangukia mwingine. Kwa sababu hiyo toleo la Andreas Oberhofer, lililochapishwa Innsbruck mwaka 2008 na kuzikusanya hati hizo kwa tahajia zake za asili, lina manufaa yanayozidi sana mipaka ya historia ya Tirol.

Watetezi wa kusahihisha wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba msomaji wa kawaida anahitaji matini inayosomeka. Hiyo ni kweli, na dawa yake ni kuchapisha matini mbili, si kuiua moja. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba kuyaanika makosa ya mtu asiyesoma sana ni kumdhalilisha. Wako waliochapisha maandishi ya wakulima, na ya Waafrika pia, pamoja na kila dosari, ili wasomaji wao wapate kucheka. Uaminifu wa herufi peke yake hauzuii dharau. Kinachoizuia ni maelezo: mhariri aonyeshe kwamba maandishi yana kanuni, azitaje kanuni hizo, na aeleze mwandishi alisoma wapi na kwa kiasi gani. Hofer alikuwa amekaa ujanani miongoni mwa wasemaji wa Kiitaliano akajifunza lugha yao, na mwaka 1790 aliiwakilisha sehemu yake katika baraza la nchi. Huyo si mbumbumbu. Ni mtu wa lugha mbili ambaye kalamu haikuwa chombo chake cha kila siku.

Ajabu ni kwamba heshima nayo imemsahihisha. Wimbo unaosimulia kifo chake huko Mantua, uliotungwa na Julius Mosen na kufanywa wimbo rasmi wa Tirol mwaka 1948, unamsemesha kwa Kijerumani laini ambacho barua zake hazikijui. Mifupa yake ilihamishiwa katika kanisa la Hofkirche, Innsbruck, mwaka 1823, na sanamu yake ikasimamishwa Bergisel mwaka 1893. Sanamu haina tahajia.

Katika idara za Kiswahili kazi iliyo mbele inajulikana, na vielelezo vyake vipo. Barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, ni za zamani kuliko Hofer kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1892 Büttner alichapisha nyaraka za Kiswahili zikiwa katika hati za Kiarabu, unukuzi wa Kilatini, tafsiri na maelezo, kila tabaka likionekana. Unukuzi wake una matatizo mengi, lakini msomaji anayaona matatizo hayo kwa sababu hati ya asili imewekwa mbele yake. Toleo la leo linalotoa matini safi peke yake haliwezi hata kukosolewa. Tasnifu za uzamili zinazohariri waraka mmoja herufi kwa herufi huhesabiwa kuwa kazi ndogo kuliko zile zinazochambua dhamira za utenzi uliokwisha kuhaririwa na mtu mwingine. Kipimo hicho kinafaa kugeuzwa, na kigeuzwe upesi, kwa kuwa hazina za matini za kompyuta zinajazwa sasa, na kinachoingizwa humo kwa wingi ni matoleo yaliyosanifishwa. Mtafiti atakayeuliza hazina hizo ni lini *mato* iliacha kuandikwa Mombasa atapewa jibu la haraka, lenye takwimu, linalotokana na mapenzi ya wahariri.