Waraka kwa Wanachama: Watoto Wasishuke na Ndizi Tu



Desemba imekaribia. Watoto wetu watapanda mlimani kwa Krismasi kama ilivyo ada, mbuzi watachinjwa, mbege itanywewa, na kabla shule hazijafunguliwa magari yatateremka Dar yamesheheni mikungu ya ndizi. Safari hii bodi inawaomba msiwaachie waondoke na ndizi tu.

Litazameni daftari letu la wanachama. Majina mengi ni ya wazee, na si machache ni ya marehemu. Msimu uliopita mama mmoja alileta kahawa aliyoipalilia, akaichuma na kuimenya kwa mikono yake. Pale kwenye mizani akaitwa kwa jina la mumewe, ambaye sote tulimzika, naye akaitika, maana bila hivyo asingelipwa. Kijana naye anapulizia dawa ya chulebuni miaka nenda rudi, lakini malipo yanaingia kwa baba, na kwenye mkutano mkuu hana kura. Kisha tunamshangaa aking'oa mibuni apande nyanya. Nyanya ni zake!

Wanaolaumu bei hawajakosea, maana nguvu yetu ya kuuza pamoja imepungua. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe miaka ya 1990 kila mmoja wetu amevutia kwake. Lakini chama chetu kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kilipoundwa mwaka 1933 bei ilikuwa imeanguka dunia nzima, na wazee waliokianzisha hawakung'oa kahawa.

Kinachotutisha zaidi ni ardhi. Zamani kifungua mimba na kitinda mimba walirithi, na wa katikati wakaenda kufyeka pori. Leo pori halipo. Kihamba, shamba la ukoo, kinakatwa vipande, kipande kinauzwa, nyumba inajengwa. Mwenye nyumba hana haja ya zamu ya maji, basi mfongo, mfereji wetu wa maji, unazibika mbele ya geti lake na walio chini wote wanakauka. Tumeliona hilo kwa macho.

Kwa hiyo, kila mwanachama awatengee mke na angalau mtoto mmoja mistari yao ya kahawa, awalipie kiingilio na hisa, wauze kwa majina yao wenyewe. Wajane wahamishiwe uanachama sasa, wasingoje ugomvi wa ukoo. Wanaotaka miche chotara ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, wajiandikishe kwa katibu mapema ili ipandwe masika. Mavuno ya kwanza hayaji chini ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo anayesubiri bei ipande kwanza atakuwa amechelewa.

Siku ya kuzibua mfongo tunawaita wote, hata wasio na mbuni hata mmoja, na walioko likizo wakamate jembe.

Na anayefikiria kuuza kipande, akae kwanza na ndugu zake wakiwa wote nyumbani. Fomu za uanachama zipo ofisini, hata Jumamosi.

Mwenyekiti wa Bodi