Mtangazaji Humtumikia Nani?

Mnamo Juni 2014, Angie Martinez aliihama Hot 97 ya New York, alikotangaza kwa zaidi ya miaka 20, akajiunga na mshindani wake, Power 105.1. Ni rahisi kumwita msaliti wa hip-hop. Lakini alisaliti nini hasa? Hot 97 ilikuwa mali ya Emmis, kampuni ya Indianapolis, Power 105.1 ilimilikiwa na Clear Channel ya Texas. Utamaduni uliozaliwa Bronx mwaka wa 1973 ulikuwa mpangaji katika nyumba zote mbili.

Hadi 1996, sheria ya Marekani haikuiruhusu kampuni moja kumiliki zaidi ya stesheni 40 za redio nchini kote. Mwaka huo kikomo hicho kiliondolewa, na baada ya miaka michache Clear Channel ikawa na zaidi ya 1,200. Nyimbo zikichaguliwa na wakubwa walio mbali, msanii chipukizi wa mtaani atapenyea wapi?

Mshahara si dhambi, ndugu msomaji. Hata mwalimu hulipwa na asiyeketi darasani mwake. Basi tusimpime mtangazaji kwa nembo iliyo kwenye maikrofoni. Tumuulize ni chipukizi wangapi aliowapigia santuri bila kungoja idhini ya mwajiri.