Pambo la Udongo Si Mchezo wa Watoto



Katika vijiji vyetu wako watu wasemao hivi: "Udongo ni wa chungu na tofali. Mtu mzima akifinyanga ndege au nyota ya kutundika ukutani, anacheza." Mimi sikubaliani nao. Nitakupa sababu zangu, nawe uzipime.

Kwanza, tukumbuke historia yetu. Katika karne ya 19 misafara ilipita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Waliporudi walibeba nguo, nyaya za shaba na shanga. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, nchi ya Italia. Pembe ilikwenda, pambo likarudi. Je, huo ulikuwa mchezo? Hapana. Ilikuwa biashara kubwa, na faida kubwa ilibaki kwa wengine.

Pili, tutazame wenzetu. Mwaka 1975, huko Karen, Nairobi, Susan Wood alianzisha karakana ndogo ya shanga za udongo pamoja na wanawake wawili. Karakana hiyo iliitwa Kazuri. Baadaye ilikuja kuajiri mamia ya watu, wengi wao wakiwa wanawake wanaolea watoto peke yao. Shanga zao huchomwa katika tanuri. Sisi tunaweza kuanza bila tanuri na bila kukata kuni. Misitu yetu ya miyombo imekwisha kuchomwa mingi kwa kukausha tumbaku. Tusiiongezee mzigo.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina kanuni. Twanga udongo wa mfinyanzi, uchekeche, uulowanishe. Changanya na mchanga laini kidogo. Loweka magazeti ya zamani, yaponde yawe kama uji, uyatie humo. Nyuzi za karatasi hushika udongo usipasuke. Kanda sana. Finyanga pambo jembamba, unene wa nusu sentimita hivi. Toboa tundu la kamba kwa kijiti udongo ungali mbichi, wala usilitoboe karibu sana na ukingo. Kumbuka kwamba udongo husinyaa maji yanapotoka. Pambo la sentimita 10 laweza kubaki na sentimita 9 na nusu.

Anika kivulini, si juani. Juani upande wa juu hukauka upesi kuliko wa chini, na pambo hupinda au kupasuka. Geuza kila siku. Likikauka kabisa, pake rangi. Kisha sugua nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo. Hapa Ipole asali na nta si vitu vigeni kwetu. Nta huzuia unyevu kidogo.

Nasema "kidogo" kwa makusudi. Udongo usiochomwa ukilowa sana hurudi kuwa tope. Kwa hiyo mwambie mnunuzi ukweli: pambo hili ni la ndani ya nyumba, si la barazani wakati wa mvua. Wala usifinyange kikombe kwa njia hii. Ukimficha mnunuzi leo, kesho hatarudi, na jina la kijiji litaharibika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo kisomo kinapoonyesha faida yake. Tuseme ninyi ni watu 7. Mmefinyanga mapambo 40. Sita yamepasuka, manne yamevunjika njiani. Yamebaki 30. Mkiuza kila moja shilingi 1,000 mtapata shilingi 30,000. Toeni shilingi 9,000 za rangi na kamba. Zinabaki 21,000. Kila mtu atapata shilingi 3,000.

Je, fedha hizo zinalingana na siku mlizofanya kazi? Kama ni siku za kiangazi baada ya mavuno, huenda zinafaa. Kama ni siku za kupanda mahindi, hazifai hata kidogo. Asiyeandika hesabu hawezi kujua tofauti hiyo. Hufurahia noti mkononi, kumbe shamba limeota magugu.

Tena, msitengeneze mengi kabla ya kuuliza. Stanley, aliyepita Unyanyembe mwaka 1871, aliandika kwamba kila nchi ilitaka shanga za rangi yake. Msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo wa bure. Ipole ni njia panda: barabara ya kutoka Tabora na Sikonge hapa hugawanyika kwenda Mpanda na Rungwa. Wasafiri wanapita. Waonyesheni mapambo matano kwanza. Andikeni lipi limependwa na lipi limekataliwa.

Maoni yangu ni haya. Kikundi cha kisomo kianze na udongo mchache, daftari moja na msimu mmoja wa kiangazi. Hesabu ikionyesha faida, endeleeni. Ikionyesha hasara, acheni bila aibu, maana daftari limewaokoa. Lakini msiache kwa sababu tu mtu amewacheka.

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini pambo huanikwa kivulini?
2. Katika kijiji chako, ni miezi gani inafaa kwa kazi hii?
3. Mapambo yakiuzwa shilingi 700 kila moja, kila mtu atapata kiasi gani? Je, ungeendelea?