Uwanja wa Gofu Wenye Ng'ombe: Funzo Kutoka Askernish

Gofu, ndugu msomaji, wengi wetu hapa pwani twauona kuwa ni mchezo wa wakubwa. Tukipunga upepo pale Mama Ngina jioni, twawaona watu wawili watatu wakikifuata kijimpira cheupe, nyuma yao kijana amebeba mfuko wa fimbo, nasi twacheka na kuendelea kutafuna mihogo yetu. Mimi pia nilicheka hivyo, mpaka siku niliyokuwa kijana huyo mwenye mfuko. Hapo ndipo nilipojifunza kucheza, na tamaa ikaniingia ya kwenda kuuona mchezo huu kwao, Scotland.

Watu wakitaja Scotland kwa habari ya gofu hutaja St Andrews, na ni haki yao. Lakini mimi sikwenda huko. Nilikwenda Askernish, katika kisiwa cha South Uist, magharibi kabisa ambako baada yake ni bahari tupu hadi Kanada. Huvuka mtu kwa feri kutoka Mallaig hadi bandari ya Lochboisdale, mwendo wa saa tatu na nusu, bahari ikiwa na huruma. Mwezi wa Juni 2023 bandari hiyo ilikatiwa feri kwa wiki kadhaa kwa sababu ya upungufu wa vyombo, na wenyeji wakaandamana. Sisi tunaoijua Likoni hatuhitaji kuelezwa adha hiyo.

Nilipofika uwanjani niliona nyasi, maua ya manjano na meupe, na mbele yake vilima vya mchanga. Anayetaka kuvijua vilima hivyo na avikumbuke vya Shela kule Lamu. Ardhi hiyo ya kando ya bahari wenyeji huiita machair. Mchanga wake ni makombe yaliyosagwa na mawimbi tangu dahari, nao huipa nyasi rutuba yake. Hapa hapatiwi mbolea ya viwandani wala dawa za kuua magugu, na wakati wa baridi ng'ombe na kondoo huachiwa kulisha katika uwanja huo huo. Kwa hiyo mchezaji asishangae kukuta samadi njiani.

Mashimo sita ya kwanza yako penye tambarare, na mtu aweza kudhani amepoteza nauli yake. Lakini kuanzia la saba, njia yapanda na kuingia vilimani. Hapo mpira hupigwa kuelekea mahali usipopaona, upepo wa bahari huuchukua, na pale penye shimo la kuutilia ardhi imejikunja kama jamvi lililokunjwa vibaya. Hakuna trekta lililovunja kilima ili njia ipite. Aliyepanga uwanja alitembea tu, akayatazama maumbile, akachagua. Nilipoteza mipira minne na sikujuta hata mmoja.

Aliyepanga huyo, kama isemwavyo, ni Tom Morris, fundi mkuu wa St Andrews, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufa 1908, na kutwaa ubingwa wa mashindano ya Open mara nne. Mwaka 1891 aliitwa South Uist na mwenye ardhi, Lady Gordon Cathcart. Mwaka huo huo alipanga pia uwanja wa Muirfield, ambao leo dunia nzima waujua. Ule wa Askernish ulisahauliwa. Miaka ya 1930 sehemu yake ilitumika kutulia ndege, mashimo yakapungua, na vilimani nyasi zikafunika kila kitu. Mwishoni mwa 2005 mtaalamu wa viwanja, Gordon Irvine, alikwenda kisiwani kuvua samaki, akasikia habari hizo, akaenda kutazama. Yeye na mpangaji wa viwanja Martin Ebert pamoja na wenyeji wakaufufua, ukafunguliwa tena Agosti 2008.

Hapa wajuzi wana ubishi. Hakuna ramani ya Morris iliyobaki. Waliofufua uwanja walifuata umbo la ardhi, wakasema hapa lazima palikuwa na shimo, na hapa njia ilipita. Je, ni kazi ya Morris au ni ya wao? Mimi naona ubishi huo ni mdogo. Ardhi ni ile ile, na mwendo wa kazi ni ule ule wa kuifuata badala ya kuilazimisha. Tofauti yake inaonekana upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo, huko Menie karibu na Aberdeen. Uwanja mkubwa wa tajiri wa Kimarekani, Donald Trump, ulifunguliwa huko mwaka 2012 juu ya vilima vya mchanga vilivyokuwa na hifadhi ya serikali. Kazi ya ujenzi ilivifunga vilima visihame tena kama ilivyo tabia yake, na Desemba 2020 sehemu hiyo ikavuliwa cheo cha hifadhi. Mchanga ukishafungwa si mchanga ule tena.

Lakini jambo kubwa zaidi la Askernish si ufundi, ni ardhi yenyewe. Katika karne ya 19 wenyeji wa South Uist walifukuzwa mamia kwa mamia na mwenye ardhi, wakapakiwa merikebuni kwenda Kanada, ili mashamba yao yawe malisho ya kondoo. Waliobaki walipata kinga ya sheria mwaka 1886, iliyowahakikishia wakulima wadogo kwamba hawataondolewa ovyo. Miaka mitano tu baadaye ndipo gofu ilipoletwa, na iliyeletwa na mwenye ardhi, si na wao. Basi si ajabu kwamba uwanja ulipotaka kufufuliwa, baadhi ya wafugaji walipinga, wakisema malisho yao ya pamoja yataliwa, na neno hilo likafika mbele ya Mahakama ya Ardhi ya Scotland. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kilichogeuza mambo ni kwamba Novemba 2006 wenyeji waliinunua ardhi yao. Shirika lao, Stòras Uibhist, lilipata eka 93,000 kwa pauni milioni 4.5. Sasa mwenye uwanja na mwenye ng'ombe ni jamii moja. Mizozo haikwisha, maana hata ndugu hugombana, lakini inaamuliwa kisiwani. Juu ya hayo, sheria ya Scotland ya mwaka 2003 yampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu katika ardhi, hata ya uwanja wa gofu, mradi asiharibu wala kuwasumbua wachezaji. Nilimwona mzee mmoja akikatiza na mbwa wake kuelekea ufuoni. Tulisimamisha mchezo, akapita, akatupungia mkono. Hakuna askari aliyemuuliza amekwenda wapi.

Wakati wa alasiri uliniingia nikiwa vilimani. Niliweka fimbo zangu chini, nikatawadha kwa maji ya chupa, nikaelekea kusini mashariki, nikasali juu ya nyasi. Nilipotoa salamu nikamwona mfugaji mmoja amesimama mbali na kondoo wake, kofia mkononi, akinisubiri nimalize kabla ya kuwapitisha. Visiwa hivyo ni vya Wakristo walioshika dini, na pengine ndiyo sababu. Mwezi wa Mei 2018, Waislamu wachache wa Stornoway, katika kisiwa cha Lewis upande wa kaskazini, walifungua msikiti wao wa kwanza, na michango yake ilitoka hata kwa wasiokuwa Waislamu.

Sisemi nao ni malaika, wala sisemi gofu iletwe kila kijiji. Nasema hivi: pwani yetu nayo ina mchanga, ina ufuo, ina mahoteli na viwanja vilivyopimwa, na kila mara swali huwa ni lile lile, mvuvi atapita wapi kuifikia bahari, na maji matamu yaliyo chini ya vilima vya Shela yatalindwa na nani. Askernish yaonyesha kwamba mgeni aweza kuja na kufurahi, ng'ombe akala, na mzee akapita na mbwa wake, yote katika ardhi moja. Sharti lake ni kwamba mwenyeji awe na neno la mwisho. Na neno hilo halipatikani kwa kulalamika barazani, bali kwa kushika hati, kujua sheria na kuhudhuria mikutano hata siku ya mvua.

Mwenye kigoda haombi pa kukaa. Wassalaam.