Muongeze gishe kwanza, kisha mulete televizyo

Sisi wafanyakazi wa mine tunajua mulongo. Mulongo wa kupointe asubuhi, mulongo wa banki siku ya mushahara, mulongo wa bibi zetu na watoto wagonjwa kwenye dispanseri. Sasa tunasikia wakubwa wanataka kuweka televizyo pale tunapongojea, ili watu wasichoke. Hatukatai. Lakini tuangalie kwanza wale ambao wamezoea kazi hiyo: wenye bustani za michezo za Disney, kule Florida, Marekani.

Kule watu wanalipa feza mingi, kisha wanasimama hata saa nzima juu ya kupanda mashini dakika chache. David Maister, aliyefundisha Harvard, aliandika mwaka 1985 ya kama kungojea bila kazi ya kufanya kunaonekana kurefu. Bila kuelezwa sababu, kunaonekana kurefu zaidi. Pasipo haki, vilevile.

Njo maana Disney waliingiza michezo ndani ya mulongo. Kwenye nyumba yao ya mizimu, tangu 2011, kuna kaburi la bandia lenye vyombo vya muziki: unagusa, vinalia. Tangu 2018 watu wanaongojea wanaweza kucheza kwa telefoni zao.

Lakini mufano tunaoupenda ni wa Dumbo, mashini ya tembo wadogo wanaoruka na watoto. Mwaka 2012 waliijenga upya: mashini moja ikakuwa mbili. Pembeni wakaweka hema ya kuchezea. Mama alipewa kimashini kidogo, mutoto akaenda kucheza, na zamu ilipofika kile kimashini kikamuita. Hakuna aliyepoteza nafasi yake.

Muone vizuri, ndugu: waliongeza mashini, wakalinda zamu ya kila mutu, na mchezo wakauweka juu ya hayo.

Na Disney nao si malaika. Mwaka 2021 waliondoa mupango wa bure wa kupunguza kungojea, wakaanza kuuza njia ya kupita haraka. Mwenye feza anapita, mwingine anabaki anacheza na telefoni. Hapo mchezo unakuwa dawa ya kulaza mutu tu.

Njo hiyo tunayoogopa huku kwetu. Televizyo haitamusaidia mama aliyesimama tangu asubuhi na mutoto mgongoni, akiambiwa tu: "Mungojee, bakubwa banakuya." Tunaomba gishe ya pili siku ya mushahara. Tunaomba numero ya karatasi, ili mama akae kwenye kivuli bila kupoteza zamu. Tunaomba mutu wa kutueleza kwa nini mambo yanachelewa. Na asipite mutu nyuma ya mulango juu anajulikana.

Mukitengeneza hayo, muweke televizyo. Mchezo wa dame tutaleta sisi wenyewe.