Dawa ya Mtoto Mmoja, Haki ya Watoto Wote

Mwezi Mei mwaka 2025, madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza jambo lisilopata kufanyika kabla: kumtengenezea mtoto mchanga dawa yake peke yake ya kuhariri jeni. Mtoto huyo alizaliwa na maradhi adimu ya kurithi ambayo hulinyima ini uwezo wa kuondosha amonia itokanayo na protini. Amonia ikizidi mwilini huharibu ubongo, na huua.

Katika miezi sita tu, wataalamu walitengeneza dawa ya kusahihisha kosa moja katika jeni ya mtoto huyo. Ilifungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, ikapitishwa mshipani hadi kwenye ini. Baada ya dozi tatu aliweza kula protini zaidi, na dawa zake za awali zikapunguzwa. Madaktari hawakudai kuwa amepona kabisa. Wamesema ni lazima afuatiliwe kwa miaka mingi.

Wapo watakaouliza: je, huku si kubadili maumbile? Sisi tunaona ipo haja ya kupambanua. Kutibu ini la mgonjwa ni tiba, na athari yake imekusudiwa kukoma kwake yeye. Kuhariri jeni za kiinitete ni jambo jingine, kwani mabadiliko hurithiwa na vizazi visivyopata kuulizwa. Mwanasayansi He Jiankui wa China, aliyetangaza mwaka 2018 kuzaliwa kwa mapacha waliofanyiwa hivyo, alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 3.

Linalotuhuzunisha zaidi ni suala la haki. Casgevy, tiba ya selimundu inayotengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye maradhi hayo kila mwaka. Ni baba gani miongoni mwetu atakayeimudu bei hiyo?

Hata hivyo, yapo yaliyo mikononi mwetu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba jeni ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu hulibainisha hilo. Saudi Arabia imewataka wachumba wapime kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Basi mawalii na maimamu waulizie kipimo hicho mapema, kabla ya siku ya nikahi.

Tena tuache kumsuta mama wa mtoto mgonjwa, au kumtafutia mchawi. Maradhi haya hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Anachostahiki mama huyo ni msaada wetu wa nauli, dawa na damu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.